Ndege za Vita Ukutani: Yafaa Tujue Tunachokitundika

Wazee wetu walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Maana yake ni kwamba uzuri wa nyumba hauonekani kwa mpita njia, bali huonekana na yule aliyekaribishwa, akavua viatu, akaketi, akatazama huku na huku. Basi leo twataka kuingia ndani ya nyumba na kutazama kuta zake, na hasa tutazame picha za namna moja ambazo watu wa nchi nyingi hupenda kuzitundika, nazo ni picha za ndege za vita, yaani eropleni zilizopigana katika Vita Vikuu vya Pili kati ya mwaka 1939 na mwaka 1945.

Mkaaji wa Garissa aweza kuuliza, "Picha hizo zanihusu nini mimi, mfugaji wa ngamia, au karani wa mshahara mdogo?" Swali hilo ni la haki, nalo lina jibu. Ndege hizo hazikuruka juu ya London na Berlin tu. Ziliruka juu ya mto Tana, juu ya visima vya Wajir na juu ya mbuga za Liboi. Tena mabomu yalianguka Wajir mwezi wa Juni mwaka 1940, hali mashambulio makubwa ya mji wa London yalianza tarehe 7 Septemba mwaka huo huo. Yaani watu wa kaskazini mwa Kenya waliyajua mabomu ya ndege karibu miezi mitatu kabla ya msiba ule mkubwa wa watu wa London. Kwa hiyo, mtu wa Garissa anapoitazama picha ya ndege ya vita, hatazami jambo la wageni. Atazama jambo lililopita juu ya kichwa cha babu yake.

KUTA ZA NYUMBA ZA KASKAZINI

Kwanza yafaa tukumbuke kuwa si kila nyumba ina ukuta wa kupigilia msumari. Nyumba ya asili ya mfugaji Msomali ni aqal, nayo hujengwa na wanawake. Hukunja fito mpaka zikawa kama upinde, kisha huzifunika kwa mikeka waliyoisuka wenyewe. Siku ya kuhama, nyumba yote hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Pambo la nyumba kama hiyo ni mikeka yenyewe, nyuzi zake na rangi zake, pamoja na vibuyu na vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa ustadi. Picha yenye kioo haiwezi safari ya ngamia, na mwenye aqal haihitaji.

Lakini mji wa Garissa umekua, na nyumba za mawe na za mabati zimeongezeka, na kila penye ukuta mtu hutaka kuweka kitu. Wengi hutundika zulia lenye picha ya Al-Kaaba, au aya zilizoandikwa kwa hati nzuri, au kalenda ya duka. Wengine huweka picha za jamaa. Na wapo vijana waliosoma ambao hupenda picha za mitambo, kama vile magari, meli na eropleni.

Hapo huzuka neno la dini, nalo halifai kupuuzwa. Katika nyumba nyingi za Waislamu watu hujizuia kutundika picha za viumbe wenye roho, wakifuata mafundisho ya wanavyuoni. Vitu visivyo na roho, kama miti, milima na majengo, wanavyuoni wengi wamevipa ruhusa. Eropleni imo katika fungu hili la pili. Na jambo la kupendeza ni kwamba lugha yetu ya Kiswahili imekwisha kulikata shauri hilo zamani. Ndege wa mbawa na ndege ya chuma wote wawili twawaita kwa jina moja, lakini yule wa mbawa twasema "ndege huyu ameruka," na ile ya chuma twasema "ndege hii imeruka." Mmoja tumemweka pamoja na viumbe wenye uhai, nyingine tumeiweka pamoja na nyumba na barua. Kwa hiyo mwenye nyumba mcha Mungu aweza kutundika picha ya eropleni bila wasiwasi, mradi mchoraji hakuujaza ubao wake sura za watu.

VITA VILIVYOPITA JUU YA TANA

Sasa tuitazame habari yenyewe. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni mwaka 1940. Wakati ule Waitaliano walikuwa wakitawala Uhabeshi, Eritrea na Somalia ya kusini, na mpaka wao na Kenya ulikuwa mrefu, wenye miiba mingi na maji machache. Baada ya siku tatu tu, yaani tarehe 13 Juni, ndege za Kitaliano za namna ya Caproni, zenye injini tatu, zilikuja Wajir na kuangusha mabomu penye boma na kiwanja cha ndege. Mwezi wa Julai Waingereza walilazimika kuliacha boma la Moyale, na Waitaliano wakaingia ndani ya Kenya hata wakafika Buna. Mwezi wa Oktoba ndege zao zilifika pwani, zikaushambulia mji wa Malindi.

Ndege za upande wa Kenya hazikuwa zile mashuhuri ambazo twaziona katika picha nyingi. Wakati ule ndege nzuri za kupigana zilihitajiwa Uingereza kwenyewe, na Afrika ya Mashariki ilipewa za zamani. Kikosi cha Rhodesia ya Kusini, ambacho mwezi wa Aprili 1940 kilipewa nambari 237 katika jeshi la anga la Uingereza, kilikuwa na ndege za Hawker Hardy, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na wanahewa wake walikaa wazi upepo ukiwapiga usoni. Afrika Kusini ilileta ndege za Hartebeest, nazo pia ni za mabawa mawili, pamoja na Junkers 86. Habari ya hizi Junkers ni ya ajabu kidogo. Zilitengenezwa Ujerumani, zikanunuliwa na shirika la ndege la Afrika Kusini kwa kuchukua abiria, kisha vita vilipoanza zikageuzwa kuwa za mabomu. Hivyo ndege zilizoundwa na Wajerumani ziliwashambulia Waitaliano, marafiki wa Wajerumani, kutoka katika ardhi ya Kenya. Baadaye zilikuja Hurricane, nazo zilikuwa za mbio na zenye nguvu.

Kazi kubwa ya ndege hizo haikuwa kupigana angani kama watu wadhanivyo. Nchi hii ni pana, na jeshi haliwezi kwenda mahali lisipojua maji yako wapi na adui yuko wapi. Ndege ziliruka kupeleleza njia, mabwawa na kambi, kisha zikarudi kutoa habari. Mwanzo wa mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yaliondoka katika mstari wa Tana, Garissa ikiwa mojawapo ya milango yao. Walikuwamo askari wa K.A.R. kutoka Afrika ya Mashariki na Nyasaland, askari wa Nigeria na wa Gold Coast, na askari wa Afrika Kusini. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ni mwendo mrefu sana kwa muda mfupi, nao haungaliwezekana bila ndege za kutangulia na madereva wa kufuata.

NANI ALIZICHORA PICHA HIZI?

Usione vyaelea, vimeundwa. Picha za ndege za vita zilizoenea duniani hazikuota zenyewe. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda halmashauri ya wachoraji wa vita, chini ya Kenneth Clark, ikawalipa wachoraji waende viwanjani, viwandani na melini wakachore waliyoyaona. Mpaka vita vilipokwisha, halmashauri hiyo ilikuwa imekusanya picha karibu 6,000.

Wachoraji hao hawakuwa na nia moja. Paul Nash alikwenda mahali paitwapo Cowley, karibu na Oxford, palipotupwa mabaki ya ndege za Kijerumani zilizoangushwa. Aliyaona mabawa yaliyovunjika yamelundikana kama mawimbi, akayachora chini ya mwezi, na picha yake akaiita kwa Kijerumani Totes Meer, yaani Bahari Mfu. Eric Ravilious alichora viwanja vya ndege kwa rangi za maji, kwa utulivu kama mtu achoraye shamba. Mwaka 1942 alipanda ndege huko Iceland, wala ndege ile haikurudi. Alikuwa na umri wa miaka 39. Frank Wootton alichora ndege zikiwa kazini, na mwaka 1944 alipelekwa Ufaransa, kisha Bara Hindi na Burma.

Marubani nao na mafundi wao walichora, lakini wao walichora juu ya ndege zenyewe. Kikosi cha Kiingereza cha nambari 112 kilichokuwa Afrika ya Kaskazini mwaka 1941 kilichora kinywa cha papa chenye meno penye pua ya kila ndege. Wamarekani waliokuwa China waliuona mtindo huo wakaufuata, na leo kinywa kile cha papa huonekana katika picha, vikombe na mashati kila mahali.

MCHORAJI ALIYEGEUZWA NA KENYA

Miongoni mwa wachoraji wa ndege yuko mmoja ambaye habari yake yatuhusu sana, naye ni David Shepherd, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1931. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane alikuja Kenya akitumaini kuajiriwa kuwa bwana wanyama. Alikataliwa. Ili apate kula alifanya kazi ya kupokea wageni katika hoteli moja huko Malindi, mji ule ule uliokuwa umeshambuliwa na Waitaliano miaka tisa kabla. Hapo alichora picha za ndege, nao walikuwa ndege wa mbawa, akaziuza apate nauli ya kurudi kwao.

Huko Uingereza chuo kimoja cha uchoraji kilimkataa vile vile, lakini mchoraji mmoja, Robin Goodwin, alikubali kumfundisha. Akaanza kuchora eropleni katika kiwanja cha London, na jeshi la anga likampenda. Mwaka 1960 jeshi hilo lilimchukua mpaka Aden, kisha likamleta Kenya. Maofisa wa hapa wakamwambia kwamba eropleni wao huziona kila siku, hivyo wangependelea picha ya mambo ya nchi. Akawachorea kifaru katika kiwanja cha ndege. Tangu siku hiyo alijulikana zaidi kwa picha za tembo na faru kuliko za eropleni.

Hata hivyo hakuziacha eropleni kabisa. Picha yake ya ndege ya mabomu ya Lancaster katika baridi kali ya mwaka 1943 ilichapwa na kutundikwa katika nyumba nyingi. Na fedha za picha zake alizitumia kwa wanyama. Kwa mnada wa picha zake ilinunuliwa helikopta ya kuwafuata majangili katika Zambia, na Rais Kaunda akampa shukrani ya garimoshi la zamani. Alifariki mwaka 2017. Hapa msomaji ataona kwamba mkono ule ule uliochora chombo cha kuua waweza kununua chombo cha kulinda.

KILICHOKOSEKANA KATIKA PICHA

Sasa tufike penye kiini cha neno letu. Picha nyingi za ndege za vita zimechorwa kutoka juu, yaani macho ya mchoraji yako angani pamoja na rubani. Twaona mawingu, jua likichwea, na bawa liking'aa. Ardhi iko mbali chini, kama mkeka uliotandikwa. Lakini watu wa Wajir waliiona ndege kutoka chini. Mchunga ngamia aliyesikia mlio asioujua, akatazama juu na kuona kitu cheusi kikija, hakuona uzuri wa bawa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi hazichorwi.

Tena yuko mwingine asiyeonekana katika picha hizo. Waafrika wa Kenya walioingia jeshini katika vita vile walizidi 90,000. Walikuwa askari wa bunduki, madereva, wapishi, wauguzi, watu wa simu, na askari wa Pioneer waliotengeneza barabara. Ndege haiondoki bila petroli, na petroli haifiki Garissa bila dereva wa lori katika vumbi. Kiwanja cha ndege hakijitengenezi. Mtu alikata vichaka, mtu alisawazisha ardhi, mtu alichota maji. Rubani mmoja angani alikuwa na watu wengi chini wanaomshikilia, na wengi wao walikuwa watu wetu.

Twasema haya si kwa kuwalaumu wachoraji. Kila mchoraji huchora alipo. Bali twayasema ili mwenye nyumba ajue kwamba picha moja ni nusu ya habari, na nusu ya pili ni juu yake kuiweka.

NAMNA YA KUCHAGUA NA KUTUNZA

Basi ikiwa wapenda picha ya ndege ya vita, fuata maneno haya machache.

Kwanza, chagua ndege yenye uhusiano nawe. Spitfire ni nzuri kutazama, lakini Hardy, Hartebeest na Junkers 86 ndizo zilizopita juu ya nchi yako katika mwaka ule wa hatari. Na ikiwa jamaa yako alipigana Burma, tafuta picha ya Dakota, ile ndege ya mizigo. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki walipopita katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na matope, chakula na risasi ziliangushwa kwao kutoka angani. Kwa askari yule, Dakota ilikuwa ugali.

Pili, zijue alama. Ndege nyingi za Uingereza zina duara yenye rangi nyekundu katikati. Afrika Kusini iliweka rangi ya machungwa mahali pa nyekundu katika ndege zake nyingi. Za Kitaliano zilikuwa na msalaba mweupe mkiani. Ukijua alama, hutauziwa picha ya ndege ya Burma ukiambiwa ni ya Wajir.

Tatu, iandike. Nyuma ya picha andika kwa penseli jina la ndege, mahali na mwaka, na jina la mchoraji ukilijua. Kalamu ya wino hupenya karatasi na kuiharibu, lakini penseli hukaa. Picha isiyo na maandishi, mwenyewe akifa, hugeuka kuwa karatasi tu.

Nne, ihifadhi. Maadui wa picha katika Garissa ni watatu, nao ni jua, vumbi na mchwa. Usiitundike mahali ambapo jua la alasiri hupiga, maana rangi zitafifia. Mwambie seremala aweke kioo mbele na ubao nyuma, na aziziba pembe vizuri ili vumbi lisiingie. Usiibandike ukutani kwa gundi ya unga, kwa sababu wadudu huila gundi, kisha huila picha. Weka nafasi ndogo kati ya picha na ukuta ili hewa ipite, na kila baada ya miezi michache ishushe uangalie nyuma yake.

Tano, na hili ndilo kubwa, usiitundike peke yake. Kando yake weka kumbukumbu ya mtu wako. Labda kuna picha ya babu katika sare ya K.A.R., imekunjwa ndani ya sanduku la nguo. Labda kuna kitabu chake cha kuachishwa jeshi, au nishani iliyofungwa katika kitambaa. Nishani ya Africa Star, waliyopewa wengi waliopigana Somalia na Uhabeshi, ina utepe wa rangi ya mchanga, wenye mstari mwekundu katikati, na mistari miwili ya buluu, mmoja wa giza na mmoja wa mwanga. Ukiuona utepe huo sandukuni usiwape watoto wachezee. Na ikiwa kwenu picha za watu hazitundikwi, basi nishani na karatasi hazina neno. Wasomali wanajua tangu zamani kuweka habari bila picha, kwa kuhifadhi nasaba na mashairi vichwani. Mzee na akae chini ya picha ile ya ndege, aeleze aliyoyasikia kwa baba yake juu ya siku zile, na kijana ajuaye kuandika aandike.

Wazee walioziona ndege zile kwa macho yao wamekwisha pungua sana, na kila mwaka tunazika maktaba ambayo haikusomwa. Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa wilaya za mpaka wa kaskazini na ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti, zina shule nyingi kuliko zamani, na walimu wake waweza kuwapa watoto kazi hii, yaani kila mtoto amwulize mzee mmoja wa kwao, na kuleta ukurasa mmoja.

Mtoto akiingia sebuleni akaiona ndege ukutani, atauliza ni ya nani, na iliruka juu ya nani. Mwenye nyumba awe na majibu yote mawili tayari.